Nani mkali wa gitaa kuliko wote? Dr Nico, Franco, Hendrix, B.B. King, Django, Paco na Mwenda Bosco tuwaweke ubavu kwa ubavu

Huu ubishi nimeshaushiriki mara nyingi sana, kijiweni, kwenye daladala, hata msibani usiku watu wakisubiri kukuche, na kila mara tatizo ni lilelile: watu wanabisha lakini hawabishanii kitu kimoja. Anayesema Hendrix anaongelea mlio, ile sauti ambayo kabla yake haikuwepo. Anayesema Franco anaongelea mwili, jinsi gitaa linavyokutoa kwenye kiti. Anayesema Paco de Lucía anaongelea vidole. Alafu anatokea mzee mmoja anasema nyie watoto hamjui kitu, Dr Nico, anakunja mikono, na hapo ndo mjadala unaishia.

Kwahiyo hapa sitampa mtu namba moja mpaka kumi. Nataka niwaweke wawiliwawili, kila mmoja na yule anayeendana nae kweli, ili we uone yupi anakufaa kwa unachotaka, iwe unataka kusikiliza tu au umenunua gitaa juzi na hujui uanze kumuiga nani. Kipimo changu ni hiki: kwenye muziki wake yeye gitaa lina kazi gani, na ile kazi kaifikisha wapi. Kwa spidi mi sipimi. Sa hivi mtandaoni kuna watoto wadogo wana spidi kuliko karibu wote niliowataja hapo juu, unaangalia dakika mbili unashangaa, ukifunga simu hukumbuki hata noti moja.

Naanza na Dr Nico na Franco kwasababu hapa ndo nyumbani na hapa ndo watu wanagombana kweli. Hawa wamepishana mwaka mmoja tu. Franco Luambo Makiadi kazaliwa Sona Bata Julai 1938, Nicolas Kasanda, ndo huyo Dr Nico, kazaliwa Mikalayi kule Kasai Julai 1939, wote wamekulia Léopoldville ambayo ndo Kinshasa ya leo, wote wameingia studio wakiwa vijana wadogo kabisa, na wote wakaja kuwa kama shule, maana bendi za dansi za Kinshasa, Dar na Nairobi ukizisikiliza vizuri karibu kila mpiga solo utajua huyu katokea darasa la nani.

Nico alikuwa kwenye bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele. Ile Indépendance Cha Cha ya 1960, iliyorekodiwa Brussels wakati viongozi wa Kongo wako kule kwenye mkutano wa kudai uhuru, gitaa la solo ni lake na alikuwa hata miaka 21 hajafikisha. Sikiliza lile gitaa lilivyo safi. Kila noti unaisikia ilipoanzia na ilipoishia, hamna iliyomezwa, na pale ambapo mwingine angejaza yeye anaacha nafasi kakake Dechaud aonekane na rizimu lake kwa nyuma. Mwaka 1963 wakatoka na Tabu Ley Rochereau wakaanzisha African Fiesta, nao baadae wakaachana, Nico akaenda na bendi yake ya Sukisa, na kipindi hicho ndo utamsikia mpaka na gitaa la Kihawaii, lile la kuteleza na chuma juu ya nyuzi, sauti inapanda bila ngazi kama mtu anayelia taratibu. Solo zake unaweza kuziimba. Yaani wimbo ukiisha, ukienda kuoga unajikuta unaimba gitaa, maneno ya mwimbaji umeshayasahau.

Franco ni kitu kingine kabisa. Bendi yake, OK Jazz, imeanza 1956 na toka hapo mpaka anafariki Oktoba 1989 gitaa lake halikubembelezwa. Lina kutu kidogo, lina kamlio ka bati, na mkono wake wa kulia ulikuwa unachuna kwa dole gumba na cha shahada nyuzi mbili kwa pamoja, kwahiyo badala ya noti moja nyembamba unapata mbili zinatembea pamoja kama watu wawili walioshikana mikono. Alafu anarudia. Anakishika kipande kimoja kifupi anakirudia, anakirudia, wewe mwanzoni unasema mbona habadilishi, baada ya dakika tatu umeshasimama na hujui ulisimama saa ngapi. Ndo maana wakamwita mchawi wa gitaa. Sikiliza Mario ya 1985, ni ndefu, inapita dakika kumi, na mzigo wa gitaa haushuki hata sekunde moja.

Sasa ukiwaweka pamoja. Nico anakupa wimbo ndani ya wimbo, Franco anakupa gari zima na abiria wake. Ukikaa sebuleni peke yako na spika nzuri Nico anamshinda Franco vibaya sana, mi naamini hivyo na sibadilishi. Ukiwa ukumbini kuna watu mia tatu na jasho, Nico ni mzuri ila Franco ndo atakayekutoa pale umebeba viatu mkononi. Kwa anayejifunza: kama unataka solo, jinsi ya kupanga maneno ya gitaa yakaeleweka, chukua Nico, wimbo mmoja mmoja, polepole. Kama unapiga kwenye bendi na kazi yako ni kuwaweka watu uwanjani saa sita usiku, chukua Franco na uufanyie kazi mkono wa kulia mpaka dole gumba liume.

Na kabla sijatoka hapa, Mtanzania akiniuliza mbona unakwenda Kongo wakati Mbaraka Mwinshehe yupo, namwambia Mbaraka nampenda mno, na kiukweli ndani yake utawakuta hawa wote wawili. Alikuwa mpiga solo wa Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970, alafu 1973 akaanzisha Super Volcano, na ajali ya gari ikamchukua Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu. Gitaa lake linaongea Kiswahili. Sijui nikuelezeje, ila ukisikiliza solo la Shida unasikia lile gitaa linamalizia sentensi ambazo yeye mdomoni kaziacha njiani. Kama hujawahi kusikiliza rumba kabisa na hujui pa kuingilia, ingilia kwa Mbaraka kwasababu maneno utayaelewa, alafu nenda kwa Nico, alafu Franco.

Mi mwenyewe niliingilia kwa kaseti za mjomba. Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni la mafuta ya kula, kipande cha mbao na waya wa breki ya baiskeli, ule waya unaufumua unapata nyuzi nyembamba ndani yake, unaukaza kwa msumari. Uzi mmoja ulikuwa unanikata kidole kila siku palepale. Nilikuja kufurahi sana miaka mingi baadae nilipojua kuwa Franco nae gitaa lake la kwanza akiwa mtoto lilikuwa la kujitengenezea, mamaake akiuza mandazi sokoni pale Léopoldville.

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani, Jimi Hendrix na B.B. King.

Kuna jambo moja ambalo watu wanaosema muziki wa kule na wa huku haufanani hawalijui. Septemba 1974, Kinshasa, kulikuwa na tamasha la siku tatu la kusindikiza ile ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi ikasogezwa mpaka 30 Oktoba, lakini muziki ukaendelea kama ulivyopangwa, na kwenye steji hiyohiyo akapanda B.B. King na akapanda Franco. Yaani aliyekuwa uwanjani kwa siku zile aliweza kuwalinganisha kwa macho yake. Mi nawaonea wivu hao watu mpaka leo.

B.B. King ni mtu wa noti moja. Namaanisha kweli. Alisema wazi kwamba kodi, yaani noti kadhaa kuzipiga kwa pamoja, hazikuwa kazi yake, na hakuwa anapiga na kuimba kwa wakati mmoja: anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu, anaimba tena. Ni kuitikiana kama kanisani. Ule mkono wake wa kushoto akishika noti anautikisa kwa namna ambayo kidole kimesimama palepale ila mkono mzima unapepea kama bawa, na ile noti inakuwa na roho. Noti moja, sekunde mbili, unajua ni yeye. Mpaka leo watu wamejaribu kuiga wameshindwa. Alizaliwa Mississippi 1925, amefanya kazi mashamba ya pamba, na mwaka 1956 peke yake alipiga shoo 342, yaani karibu kila usiku wa mwaka. Gitaa lake aliliita Lucille, na sababu yake inaumiza: mwaka 1949 anapiga kwenye ukumbi mmoja Twist, Arkansas, kulikuwa na baridi wamewasha mafuta ya taa kwenye pipa katikati ya ukumbi, wanaume wawili wakapigana pipa likamwagika, moto. Watu wakakimbia nae akakimbia, kufika nje akakumbuka gitaa kaliacha ndani, akarudi kwenye moto kulichukua. Kesho yake akaambiwa wale waligombania mwanamke anaitwa Lucille, akalipa gitaa jina hilo ili asirudie upumbavu wa kugombania mwanamke wala wa kurudi kwenye moto. Magitaa yake yote toka hapo yameitwa hivyo.

Hendrix ni kinyume. Huyu kila kitu anakijaza, na anakijaza na vitu ambavyo havikuwa na majina. Kabla yake, kwa wapigaji wengi, amplifaya ikianza kupiga kelele, ule mlio unaorudi ukisogea karibu na spika, fundi anakimbia kuzima. Yeye aliuchukua ule mlio akaupiga kama noti, anaupandisha anaushusha kwa jinsi anavyosimama. Anatumia mkono wa kushoto, kachukua gitaa la Stratocaster la watu wa mkono wa kulia kaligeuza kichwa chini, kafunga nyuzi upya, na mkono wake ulikuwa mkubwa hivi kwamba dole gumba linapita juu ya shingo ya gitaa linashika uzi mnene wa besi huku vidole vingine vinne viko huru vinapamba. Sikiliza Little Wing, haifiki hata dakika tatu, usikie besi, kodi na solo vyote vinatoka kwa mtu mmoja bila kugongana. Watu wengi wanamjua kwa kuchoma gitaa moto kwenye tamasha la Monterey 1967 na mi naona hilo limemwonea, kwasababu ukimwondolea moto na meno na mbwembwe zote, bado pale kwenye nyimbo za taratibu hamna anayemgusa.

Na ule wimbo wa taifa wa Marekani alioupiga kwenye tamasha la Woodstock asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, watu wengi walishaondoka, uwanja ni matope, yeye anapiga wimbo wa taifa na katikati gitaa linatoa mabomu, ving'ora, vilio, wakati vita ya Vietnam inaendelea na yeye mwenyewe alishakuwa mwanajeshi wa miavuli. Hajasema neno hata moja. Toka anatua London Septemba 1966 mpaka anafia hapohapo London Septemba 1970 ni miaka minne. Albamu tatu za studio na bendi yake. Miaka minne!

Ubavu kwa ubavu sasa. Kama unataka mlio, unataka kujua gitaa la umeme linaweza kufika wapi, ni Hendrix na hamna wa pili, hata mimi ambaye moyo wangu uko kwenye rumba nakubali kuwa hamna aliyekibadilisha chombo chenyewe kama yeye. Ila kama unajifunza nakushauri anza na B.B. King, chukua ile rekodi yake ya Chicago ya 1964, Live at the Regal, kaa na noti tano tu ambazo anazizungukia, ujifunze kunyamaza. Ukianza na Hendrix utajifunza kelele zake kabla hujajifunza upole wake, nimeona vijana wengi wamekwama hapo, vifaa vya kukanyaga kwa mguu wanavyo vitano na wimbo wa kukutuliza hawana.

Kuna jambo linaniudhi kwenye ubishi huu na lazima niliseme. Wanawake hawatajwi. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anapiga gitaa la umeme na nyimbo za kanisa miaka ya 40, Strange Things Happening Every Day ilirekodiwa 1944, kabla Chuck Berry hajaingia studio, na ule mdundo wa rock and roll unausikia mle umeshakomaa. Mwaka 1964 alipiga Manchester, Uingereza, kwenye steshini ya zamani ya treni, mvua inanyesha, amevaa koti lake zito, mashabiki wamekaa ng'ambo ya reli, anaingia na gitaa la umeme kama mwenye nyumba. Video ipo, itafute uangalie mkono wake wa kulia. Wakamwingiza kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wakali wa rock, 2018, karibu miaka 45 baada ya kufa kwake. Kama unachagua wa rock na hujamsikiliza huyu mama basi bado hujamaliza kuchagua.

Vidole sasa. Django Reinhardt na Paco de Lucía, wote gitaa la mbao, wote wametoka kwenye muziki wa watu ambao hawakusomea kwenye karatasi, na wote watakutisha.

Django alikuwa Mromani, wale watu wa kuhamahama wa Ulaya, kazaliwa Ubelgiji 1910, kakulia kwenye mikokoteni pembeni ya Paris. Mwaka 1928 mkokoteni wake ukashika moto, mkono wa kushoto ukaungua, vidole viwili, cha pete na cha mwisho, vikakakamaa. Madaktari walidhani gitaa ndo basi. Akakaa akajifunza upya kabisa, solo zote kwa vidole viwili vilivyobaki, vile vilivyoungua anavitumia kuegemezea tu kwenye kodi baadhi. Na 1934 akiwa na mpiga fidla Stéphane Grappelli wanaanzisha Quintette du Hot Club de France, bendi ya jazi isiyo na ngoma wala tarumbeta, nyuzi tupu, na yeye anakimbia juu ya shingo ya gitaa kwa namna ambayo wenye vidole vinne hawaiwezi. Kwakuwa vidole ni viwili hawezi kukaa sehemu moja, lazima ateleze kwa urefu wa uzi, na kule kuteleza ndo kukawa staili yake. Msikilize kwenye Nuages ya 1940, hana haraka, ni kama moshi.

Miaka ya 60 Birmingham, Uingereza, kijana mmoja mfanyakazi wa kiwandani mashine ikamkata ncha za vidole viwili, siku yake ya mwisho kazini. Kakata tamaa. Msimamizi wake akamletea rekodi ya Django, akamwambia sikiliza, alafu akamwambia huyu anapiga kwa vidole viwili. Yule kijana ni Tony Iommi, akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya vidole, akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na ule mlio mzito uliotoka ndo wa bendi ya Black Sabbath. Kwahiyo anayekwambia jazi na hevi metali havina undugu mwambie undugu wao ni wa damu kabisa.

Paco de Lucía, kazaliwa Algeciras kusini mwa Hispania 1947, yeye vidole vyote anavyo na vyote vinafanya kazi. Babake alimkalisha na gitaa toka mtoto, masaa na masaa kwa siku. Kwenye flamenko, muziki wa kwao huko kusini mwa Hispania, gitaa linamtumikia mwimbaji na mchezaji, na Paco hilo alilifanya vizuri sana akiwa na mwimbaji Camarón de la Isla, ila alafu akalitoa gitaa mbele likasimama lenyewe. Hatumii kiplastiki cha kupigia, ni kidole cha shahada na cha kati vinapishana kama miguu ya mtu anayekimbia, na sauti ya kila noti inatoka sawa, kavu, ya ukali uleule hata akifika spidi ambayo sikio linaachwa. Alafu anafungua mkono wote anazicharaza nyuzi zote, unasikia ni ngoma ile. Mkitaka kumsikia kwenye mashindano ya kweli kuna ule usiku wa San Francisco Desemba 1980, yeye, John McLaughlin na Al Di Meola, magitaa matatu na makofi ya watu.

Msikilizaji wa kwetu anza na Entre dos aguas. Ni rumba! Ya Kihispania lakini ni rumba, na yao na ya Kongo zote zimepita Cuba, kwahiyo sikio lako litaijua hata kama ni mara ya kwanza. Mjomba wangu aliisikiliza mara moja akaniambia huyu bwana angekuja ukumbi wa DDC Kariakoo watu wangecheza. Kati ya hawa wawili mimi nachagua Django, kwasababu Paco nikimsikiliza nashangaa na Django nikimsikiliza natabasamu, lakini kama unataka nidhamu ya mkono wa kulia hamna mwalimu kumpita Paco hapa duniani.

Nimemwacha mmoja wa mwisho makusudi, na huyu simweki na mtu kwasababu alikuwa peke yake kwelikweli. Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, mtu wa Katanga, kusini mwa Kongo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine za kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akamrekodi na gitaa kavu, lile lisilo la umeme, akiimba Kiswahili. Wimbo wa Masanga ulitoka hapo, na toka miaka ya 60 wasomi wa muziki wameshauandika noti kwa noti kwasababu waliona haueleweki mtu mmoja anaupigaje. Mi nilipousikia mara ya kwanza nilibisha kabisa kwamba ni magitaa mawili. Nikaurudisha mwanzo. Nikaurudisha tena. Ni moja.

Nilichukua wiki tatu kuupata ule mwanzo wake tu, kwahiyo naweza kukuelezea kwa karibu. Mkono wa kulia ni vidole viwili, dole gumba na cha shahada. Dole gumba linashuka kwenye nyuzi nene, linatembea, halisimami, hilo ni besi na rizimu kwa pamoja. Kidole cha shahada kinapandisha juu kwenye nyuzi nyembamba, hicho ni solo. Kazi iko hapa: noti za juu mara nyingi haziangukii pale dole gumba linapotua, zinaangukia katikati, kwenye upenyo, kwahiyo akili yako inabidi ihesabu vitu viwili na hakuna kimoja kinachomsubiri mwenzie. Siku ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vinataka kushuka pamoja tu, kila nikiangalia juu, chini panaharibika. Alafu siku moja asubuhi, sijanywa hata chai, vikaachana. Dole gumba likaenda zake. Nilikaa pale nikalia, na sioni aibu kuliandika. Na hapo bado kuimba, yeye juu ya yote hayo anaimba, na sauti nayo ina njia yake ya tatu.

Sasa hesabu. Franco vidole viwili vya kulia. Bosco viwili vya kulia. Django viwili vya kushoto. B.B. King noti moja. Hendrix alihitaji spika kubwa na umeme, Nico alihitaji Dechaud na bendi, Franco alihitaji watu wengi nyuma yake na Mungu awabariki wote, ila Bosco kakaa kwenye kiti na gitaa la mbao akafanya kazi ya bendi nzima. Vijana wa gitaa kavu Kenya walimfuata yeye, magharibi kule na Nairobi, 1969 alifika mpaka Newport Marekani kwenye tamasha la muziki wa asili, na 1990 akafariki kwa ajali ya gari Zambia. Leo ukimtaja kijiweni watu wanakuuliza nani huyo, mtu aliyeimba kwa lugha yetu! Hilo linaniuma kuliko ubishi wote wa Nico na Franco.

Kwahiyo uchague vipi. We ni mtu wa kucheza, Franco. Unataka melodi ya kukaa nayo usiku, Nico, na ukitaka maneno uyaelewe, Mbaraka. Umechoka na maisha unataka mtu akuelewe bila maneno mengi, B.B. King. Unataka kusikia kitu ambacho hujawahi kukisikia, Hendrix, kwa hedifoni nzuri tafadhali, simu haitamtendea haki. Mikono yako imeumia au umeambiwa huwezi, Django, msikilize kila siku. Unataka kujituma, Paco. Unasali na unapenda rock, mama Rosetta.

Na mimi ukinishika shati uniambie taja mmoja, namtaja Mwenda Jean Bosco. Hendrix kalibadilisha gitaa zaidi yake, nakubali, Nico ana solo tamu zaidi, nakubali. Ila nimeuliza toka juu gitaa lina kazi gani na mtu kaifikisha wapi, na sijaona mwingine aliyepewa kazi zote kwa mpigo, besi, rizimu, solo na kuimba juu yake, akazimaliza kwa vidole viwili na kisanduku cha mbao.

Kama unabisha fanya hivi leo usiku. Itafute Masanga, vaa hedifoni, isikilize mara tatu. Mara ya kwanza lifuate dole gumba peke yake, zile nyuzi nene, usikubali sikio lipande juu. Mara ya pili fuata zile noti nyembamba. Mara ya tatu sikiliza sauti yake. Alafu njoo tubishane.